Je, Kuku wa Kizungu Ana Hatia?

Nilikuwa na miaka saba niliposikia mama yangu akiitwa kuku wa kizungu. Tulikuwa kisimani, mimi na Bibi, kijijini kwetu nje kidogo ya Muheza. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa akimsema Mama mbele ya wenzake wala hakujali kwamba tupo. "Huyo naye ni kuku wa kizungu tu," akasema. "Kutaga anajua, kuatamia hajui." Wenzake wakacheka. Bibi hakujibu neno. Alijitwisha ndoo yake, akanishika mkono, tukaondoka.

Mwaka ulikuwa 2005. Mama alikuwa Muscat akifanya kazi za ndani. Mimi niliachwa kwa Bibi, na kila baada ya miaka miwili Mama alikuja kwa mwezi mmoja na mabegi makubwa, kisha akaondoka tena usiku nikiwa nimelala. Tusi lile nimekaa nalo miaka ishirini. Leo nataka kulichunguza, na nina sababu yangu ya kulichunguza sasa hivi. Nitaieleza mwishoni.

Ndugu msomaji, matusi mengi hayahitaji uchunguzi. Mtu akikuita mbwa, huna haja ya kwenda kumsoma mbwa. Lakini hili linasumbua kwa sababu kwa upande wa kuku ni kweli tupu. Mama aliporudi moja kwa moja mwaka 2015, akiba yake aliitia kwenye banda la kuku mia mbili wa mayai, na trei za mayai hayo ndizo zilizonilipia ada ya chuo. Nimewalisha kuku wale, nimewafagilia banda, nimewaokotea mayai asubuhi na jioni. Sikumwona hata mmoja aliyekaa juu ya mayai akakataa kuondoka. Wanataga, wanashuka, wanakwenda kula. Yai linabaki na joto lake na mwenyewe hageuki nyuma.

Kwa hiyo sibishani na jirani kuhusu tabia ya kuku. Ninachouliza ni hiki: kuku huyo ana hatia gani? Na kama hana, nani anayo?

Tuanze na kuku wa Bibi, maana ndiye kipimo tunachotumia bila kusema. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, halafu siku moja anagoma kutoka kiotani. Ukimsogelea anatunisha manyoya, anakoroma, anakudonoa. Wataalamu wanasema hiyo ni kazi ya homoni iitwayo prolaktini, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Prolaktini ikipanda, ovari inasinyaa, kutaga kunasimama, na kuku anabaki na kazi moja tu duniani. Kwa siku 21 anaatamia, anayageuza mayai kwa mdomo, anatoka mara moja moja na kurudi mbio. Anakula kidogo mno hata ukimwekea mtama karibu, na anakonda mpaka ukimshika unahisi mfupa wa kidari. Siku za mwisho vifaranga wanaanza kulia wakiwa bado ndani ya ganda, naye anawajibu. Halafu anatembea nao wiki nyingi, anawachakulia, anapigana na mwewe. Wahenga waliona hayo yote ndipo wakasema kuku mwenye watoto halengwi jiwe.

Sasa piga hesabu kama mfanyabiashara. Muda wote huo wa kuatamia na kulea, yai hakuna. Kuku wa namna hiyo kwa mwaka mzima atakupa mayai arobaini, hamsini hivi. Kuku wa Mama alitaga zaidi ya mia tatu. Babu yao ni mmoja, yule kuku-mwitu wa Asia ya Kusini-Mashariki, anayetaga vijiyai vichache kwa msimu na kuvitunza kwa roho yake yote. Kumbe ilikuwaje ndugu wa damu wakaachana hivyo?

Hakuna aliyemfanyia kuku operesheni. Kazi yote ilifanywa kwa kuchagua. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wazalishaji wa mbegu huko Marekani na Ulaya walikuwa na kifaa rahisi sana: kiota chenye mlango unaojifunga kuku akishaingia. Mtu anakuja, anamtoa kuku, anasoma namba yake ya mguuni, anaandika: fulani ametaga leo. Mwisho wa mwaka daftari linasomwa. Kuku aliyeatamia anaonekana humo kama pengo la wiki kadhaa zisizo na alama. Mwenye mapengo haachwi azae kizazi kijacho. Mashine za kutotolea vifaranga tayari zilikuwepo; Wamisri walikuwa na tanuri za kutotolea mayai zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kwa hiyo mama alikuwa hahitajiki tena kiotani. Ukichagua hivyo kizazi baada ya kizazi, unapata koo kama White Leghorn, lenye asili ya Italia, ambalo kuatamia kwake ni jambo la nadra.

Angalia basi jambo hili vizuri. Kila kuku aliyependa watoto wake ndiye aliyeondolewa. Waliobaki ni mabinti wa wale wasioatamia, na mabinti wa mabinti wao. Mwana wa kuku hafundishwi kuchakura, ndivyo tunavyosema, maana yake kuna mambo mtoto huzaliwa nayo. Methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuutaji: na asichozaliwa nacho, huwezi kumdai. Kumlaumu kuku wa kizungu kwa kutoatamia ni sawa na kumlaumu mtoto wa yatima kwa kutomjua babu yake.

Tena haikufutika yote. Mwaka 2002 watafiti wa Uskoti walieleza majaribio ya kuchanganya White Leghorn na kuku wadogo wa bantamu wanaoatamia sana. Upande wa Leghorn hakuatamia hata mmoja. Lakini mabinti wa mchanganyiko waliatamia kwa wingi. Ilionekana pia kwamba jambo lenyewe halikai kwenye jeni moja. Kuna linalosukuma na kuna linalozuia. Nikisoma hayo namwona kuku wa kizungu kama nyumba ambayo taa zake zimezimwa kwenye swichi, nyaya bado zimo ukutani.

Kwa hiyo swali la kwanza nalifunga: kuku hana hatia. Swali la pili ni gumu zaidi. Je, amedhulumiwa?

Nina rafiki aliyesoma Sayansi ya Wanyama, tukikutana hatuachi kubishana. Yeye anasema hapana. "Dada," aliniambia, "huwezi kumwibia mtu kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Kuku huyu hana hamu ya kuatamia. Hamwoni akihangaika, hamsikii akilia. Ungemrudishia hamu hiyo asingekuwa kuku huyu tena, angekuwa mwingine. Sasa nani amedhulumiwa? Niletee mlalamikaji."

Nilikaa na hoja hiyo wiki nzima, na nakiri ina nguvu. Mimi nilikuwa nikimwonea kuku huruma kwa kutumia moyo wa Bibi, kana kwamba ndani ya kila kuku wa mayai kuna mtetea wa kienyeji amefungwa kamba anayelilia watoto. Hayumo. Asiyesikia njaa hana njaa. Kama dhuluma ni maumivu, basi katika hili la kuatamia peke yake sijamwona aliyeumia.

Lakini rafiki yangu alisahau kuku wa pili. Na huyu wa pili ndiye aliyenifanya niandike.

Kuku wa nyama, broila, tunamjua sote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kufuga pamoja mbegu ya mwaka 1957 na mbegu ya mwaka 2005, chakula kimoja, matunzo mamoja. Katika siku 56 yule wa 1957 alifika gramu 905. Yule wa 2005 alifika gramu 4,202. Hakuna dawa hapo, hakuna uchawi, ni chembe za urithi tu. Mbio hizo zilipamba moto baada ya vita kuu ya pili, pale Wamarekani walipoandaa shindano la kumtafuta "Kuku wa Kesho", fainali yake ikafanyika mwaka 1948 huko Delaware. Waliotaka kifua kinene walikipata.

Sasa hebu jiuliza: broila anazaliwa na nani? Yeye mwenyewe anachinjwa akiwa na wiki tano, sita, angali kifaranga mkubwa, hajui jogoo wala yai. Lakini ana mama mahali fulani. Na mama huyo lazima awe na chembe zilezile za kukua haraka, maana ndizo anazotakiwa kuzirithisha. Ni mlafi kama watoto wake. Tofauti ni kwamba yeye anatakiwa aishi mwaka na zaidi, na atage.

Hapo ndipo mkataba unapovunjika. Mama wa broila akiachwa ale ashibe, mwili unakua kuliko uzazi unavyoweza kubeba. Ovari inaandaa viini vingi kwa mpigo. Anatoa mayai yenye viini viwili, yenye maganda laini, viini vingine vinadondokea tumboni na kumuua. Mayai yanayofaa kuanguliwa yanakuwa machache. Jogoo naye anakuwa mzito, kupanda kunamshinda. Dawa iliyopatikana ni moja: wanyimwe chakula. Katika ukuaji wake mama wa broila hupimiwa sehemu tu ya kile ambacho angekula, mara nyingi chini ya nusu. Anamaliza fungu lake kwa muda mfupi, kisha siku nzima anatembea huku na huku, anadonoa chombo kitupu, anadonoa maji, anadonoa ukuta. Wanaochunguza tabia za wanyama wameyaandika hayo kwa miaka mingi: ni dalili za njaa.

Kumbuka yule mtetea wa Bibi. Naye hakuli anapoatamia, naye anakonda. Lakini hamu ya kula kwake imetulia yenyewe. Mtama upo na hautaki. Huyu mwingine hamu imeongezwa kuliko ya kuku yeyote aliyewahi kuishi, halafu chombo kimefungwa. Wote wawili wanakaa na tumbo tupu kwa ajili ya watoto. Mmoja kwa hiari ya mwili wake. Mwingine kwa sababu mwili wake umejengwa kinyume na kazi yake.

Nikamrudia rafiki yangu. Nikamwambia, mlalamikaji wako huyu hapa. Ukimwondolea kiumbe hamu, huenda hujamdhulumu, tubishane. Lakini ukimwekea hamu ndani ya damu, halafu ukaufunga mlango ambao hamu hiyo inaelekea, umemdhulumu kwa namna ile ile uliyomuumba. Tena umefanya hivyo kabla hajazaliwa. Huwezi kumfungulia bila kumuua, na huwezi kumwacha bila kumtesa. Hiyo si bahati mbaya ya njiani. Imo kwenye mbegu. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo nimekubali." Kisha akaniuliza kama nitaacha kula chipsi kuku. Sikuwa na jibu la haraka.

Kuna ndugu wa tatu katika ukoo huu, ambaye habari yake ni fupi kama maisha yake. Siku boksi la kwanza la vifaranga lilipofika kwa Mama, tulilifungua sebuleni. Mia moja, wote rangi ya kahawia, wote majike. Mama akamuuliza wakala, "Kaka zao wako wapi?" Yule kijana akacheka: "Mama, hao hawana kazi."

Baadaye nilisoma ilivyokuwa. Kwa binadamu baba ndiye mwenye kuamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni kinyume: jogoo ana kromosomu Z mbili, mtetea ana Z moja na W moja. Binti anapata W kwa mama yake, na Z yake yote inatoka kwa baba. Mtoto wa kiume anapata Z moja kwa kila mzazi. Sasa ile jeni ya rangi ya fedha na ya dhahabu inakaa kwenye Z. Ukichukua jogoo wa dhahabu na mtetea wa fedha, mabinti wanatoka na rangi ya baba, na wana wa kiume wanatoka na rangi ya mama yao. Siku ya kwanza tu, mtu anatazama boksi na kujua nani ni nani. Ni elimu nzuri, ukiisoma darasani unafurahi. Lakini matumizi yake ni haya: kifaranga wa kiume anavaa rangi ya mama yake, na rangi hiyo ndiyo hukumu. Mayai hatagi, na kwa nyama ameshapitwa na broila, maana koo la mayai na koo la nyama limetenganishwa kabisa. Inakadiriwa kwamba duniani vifaranga wa kiume wapatao bilioni 7 huuawa kila mwaka, wengi kwa kusagwa au kwa gesi. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022, Ufaransa nayo ikafuata, na siku hizi kuna mashine za kupima jinsia yai likiwa bado yai. Katika banda la Bibi jogoo alikuwa na kazi: aliwika, alipanda, mgeni akija alichinjwa akaitwa kitoweo cha heshima. Hakuna mtoto aliyezaliwa bila nafasi.

Nafika kwa swali la tatu: nani mwenye hatia? Rahisi kusema ni wale wenye mbegu. Ni kweli kampuni zinazoshika koo za asili za kuku hawa ni chache mno, zipo ng'ambo, na sisi huuziwa mchanganyiko wa mwisho tu. Ukitaka kuendeleza uzao wa kuku wako wa mayai, vizazi vinatawanyika, kila mmoja na tabia yake, utarudi dukani tu. Lakini mimi nimesoma kwa mayai hayo. Kila trei iliyouzwa ilikuwa daftari langu. Mwenye kula ni sehemu ya mwenye kuchagua, hata kama hajawahi kushika kalamu ya daftari la viota.

Na hapa nataka kumleta mtu mmoja, Profesa William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Mwaka 1996 alichapisha jaribio ambalo naona kila mtu anayependa kupima wenzake angelisoma. Kuku wa mayai wakiwekwa wengi kizimba kimoja bila kukatwa midomo, hudonoana mpaka kufa. Kwa nini? Moja ya sababu ni kile kiota cha mtego. Ukimchagua kuku mmoja mmoja kwa wingi wa mayai yake, mara nyingine unamchagua mbabe, aliyepata mayai mengi kwa kuwanyima wenzake raha. Daftari linaonyesha mayai, halionyeshi nani kadonolewa. Muir akabadili kipimo. Aliweka ndugu wa familia moja kizimba kimoja, kisha akachagua familia nzima iliyofanya vizuri, hakuangalia kuku mmoja. Katika vizazi vichache vifo vya mwaka vilishuka kutoka asilimia 68 hadi asilimia 8.8. Mayai kwa kila kuku aliyeingizwa yakapanda kutoka 91 hadi 237. Kuku walewale, chembe zilezile za kuanzia. Kilichobadilika ni swali alilouliza.

Jaribio hilo lilinirudisha kisimani. Jirani yetu alimpima Mama kwa kiota cha mtego. Alisoma namba ya mguuni, akaona pengo: mama hayupo, mtoto yupo. Akaandika. Hakuangalia kizimba kizima. Hakuona kwamba Bibi alikuwepo, na kwamba bati la nyumba ya Bibi, dawa ya presha ya Bibi, sare yangu ya shule na mchele wa Idi vilitoka Muscat. Bibi mwenyewe alilielewa hili bila chuo. Wakati fulani alipewa mayai ya kuku wa kisasa waliofugwa pamoja na jogoo. Alimwekea mtetea wake wa kishingo aliyekuwa anaatamia. Yakaanguliwa saba. Yule kishingo akatembea nao kijiji kizima, akawapigania, na hakuna aliyemuuliza wa nani. "Mke mwenzangu," Bibi aliniambia, kama alivyozoea kunitania, "kuna wa kutaga na kuna wa kuatamia. Ubaya ni pale kiota kinapokosa vyote viwili."

Lakini kuna kosa kubwa zaidi katika tusi lile, na nimelijua baada ya kuwasoma kuku. Jirani alimchagua kuku asiye sahihi. Kuku wa kizungu haatamii kwa sababu hamu haimo. Mama hamu ilikuwamo. Alipiga simu kila Ijumaa, akitaka nisome kwa sauti kitabu cha shule mpaka salio liishe. Mwaka wa pili aliomba aje nilipoumwa malaria iliyopanda kichwani. Pasi yake ilikuwa imefungiwa kabatini kwa mwajiri, hakupewa. Alikaa jikoni kwa watu akilea watoto wa watu, akiwanyonyesha chupa, huku wa kwake yuko ng'ambo ya bahari. Huyo si kuku wa mayai. Huyo ni mama wa broila: hamu tele, na chombo kimefungwa. Kama lazima tuitane majina ya kuku, basi tuitane kwa usahihi.

Sisemi kwamba binadamu ni kuku. Kuku haendi kisimani akarudi na uamuzi. Mama alichagua, na mimi mtoto niliumia kwa uchaguzi huo. Sitaki kuufunika kwa sayansi. Kuna usiku mwingi nilimtaka yeye, sikutaka begi. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuhukumu lazima kwanza aulize mambo mawili. La kwanza: hamu imo au haimo? La pili: mlango umefungwa na nani? Ukiyaruka hayo mawili, hukumu yako ni namba ya mguuni tu.

Na kwa kuku je? Naona tunaweza kuanza na mahali penye mlalamikaji. Siku hizi Tanzania kuna kuku wa kati, Kuroiler na Sasso, waliopimwa katika mradi uliohusisha pia Ethiopia na Nigeria. Mitetea hutaga kiasi, majogoo hufugwa wakaliwa, hivyo kifaranga wa kiume ana nafasi yake. Kuatamia kwao ni kwa shida, na mbegu bado inanunuliwa, kwa hiyo siwaiti wokovu. Lakini kati ya kuku asiye na hamu na kuku mwenye hamu iliyofungiwa, mimi najua yupi ananidai zaidi. Mayai nitaendelea kula. Broila nimemwacha, si kwa sababu nyama yake haina ladha, ila kila nikimwona namkumbuka mama yake akidonoa chombo kitupu.

Sasa sababu niliyoahidi. Nina mtoto wa kiume, ana miaka miwili. Nimepata kazi Dar es Salaam, ya zamu, chumba kimoja cha kupanga, hakuna wa kumshika. Mwezi ujao nitamwacha kwa Mama. Kisima kile siku hizi kina pampu, lakini wanawake bado wanakutana pale, na najua watakachosema nikipita na begi.

Juzi nilimsomea Mama karatasi hizi tukiwa bandani, yeye akipanga mayai kwenye trei. Habari za kromosomu alizivumilia. Nilipofika kwenye kabati la pasi aliacha kupanga. Alikaa kimya, kisha akafuta yai moja kwa kanga yake, akaliweka mahali pake.

"We nenda," akasema. "Mtoto nitamlea. Ila usiende mbali kama nilivyokwenda mimi. Na kila Jumamosi uwe hapa."

Nikamwambia nauli ni kubwa.

"Utauza mayai," akasema, akaendelea kupanga.